Nauli, Mshahara na Mgomo: Wakazi wa New York na Wafanyakazi wa Usafiri wa Jiji

Reli ya chini ya ardhi ya New York ilifunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904, na mgomo wake wa kwanza mkubwa ulizuka Machi 1905, kabla haijatimiza hata nusu mwaka. Katika miaka 100 iliyofuata, wafanyakazi wa treni, tramu na mabasi waligoma mara kadhaa, na kila mara wakazi wa jiji waligawanyika katika kuwahukumu. Hata hivyo, jambo moja linajitokeza katika karibu migomo yote. Abiria walitenganisha madai ya wafanyakazi na adha ya kukosa usafiri: wengi waliona madai ni ya haki huku wakilaani kutembea maili nyingi kwenda kibaruani. Lawama iangukie upande gani, hilo lilitegemea sana nani ameonekana kuhatarisha nauli nafuu na usalama wa safari. Kwa hiyo historia ya maoni ya watu kuhusu migomo hiyo haitengani na historia ya nauli yenyewe.

Enzi ya senti tano

Nauli ya mwanzo ilikuwa senti tano, abiria akishuka kituo cha pili au akivuka jiji zima. Kiwango hicho kilifungwa katika mikataba baina ya jiji na kampuni binafsi zilizoendesha njia, hasa Interborough Rapid Transit (IRT) ya Manhattan na Bronx, na Brooklyn Rapid Transit (BRT). Bei za vitu zilipopanda wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nauli ilibaki palepale, na wanasiasa wakagundua kwamba kuitetea senti tano ni njia ya uhakika ya kupata kura. Meya John Hylan, aliyeingia madarakani mwaka 1918, alijijengea jina kwa kazi hiyo. Kampuni, zikiwa zimezibiwa njia ya kuongeza mapato, zililinda faida kwa kubana upande wa pili: mishahara ikawa midogo, matengenezo machache na saa za kazi nyingi. Siku ya saa 10 hadi 12 ilikuwa ya kawaida, na wapo waliofanya kazi siku zote saba za wiki.

Wagomaji wa 1905 walishindwa upesi. IRT, iliyokuwa chini ya tajiri August Belmont, ilileta wavunja mgomo waliokusanywa na James Farley, mtu aliyeifanya kazi hiyo kuwa biashara yake na kuzunguka nayo mji hadi mji. Treni ziliendelea kutembea kwa kusuasua, viongozi wa kitaifa wa vyama wakaukana mgomo, na baada ya siku chache ukavunjika. Migomo ya IRT ya 1916 na 1926 nayo iliishia kwa wafanyakazi kushindwa. Watu wa New York hawakuzipenda kampuni za usafiri, ambazo kwao zilikuwa mfano wa tajiri anayenyonya jiji, lakini chuki hiyo haikugeuka kuwa msaada kwa wagomaji. Maadamu treni ilifika, hata kwa kuchelewa, abiria wengi waliuona ugomvi ule kuwa ni wa watu wengine.

Kilichotokea Brooklyn jioni ya tarehe 1 Novemba 1918 kiliwaonyesha abiria kwamba ugomvi huo uliwahusu. BRT ilikuwa imewafukuza madereva waliojiunga na chama na kukataa kuwarudisha, na asubuhi hiyo wenzao wakaweka zana chini. Kampuni iliamua kuendesha treni kwa watu wowote iliowapata. Mmoja wao alikuwa Edward Luciano, kijana aliyeajiriwa kupanga safari za treni, si kuziendesha. Mafunzo yake ya udereva yalikuwa ya saa chache tu, alikuwa ndiyo kwanza apone homa ya mafua iliyokuwa ikiua watu duniani kote mwaka ule, na alikuwa ametoka kumzika mtoto wake. Saa ya watu kurudi nyumbani aliteremsha treni ya mabehewa ya mbao kuelekea kona kali ya kuingilia handaki katika mtaa wa Malbone, karibu na bustani ya Prospect. Mwendo ulioruhusiwa pale ulikuwa takriban kilomita 10 kwa saa. Treni iliingia kwa mwendo unaokadiriwa kufika kilomita 50. Mabehewa ya katikati yalitoka njiani na kupasuliwa na ukuta wa handaki, na zaidi ya watu 90 wakafa.

Hasira ya watu haikuelekezwa kwa madereva waliogoma bali kwa kampuni iliyompa usukani mtu asiyeijua kazi. Luciano na maofisa wa BRT walishtakiwa, lakini hakuna aliyetiwa hatiani. Kabla mwaka haujaisha kampuni hiyo iliwekwa chini ya mfilisi, na baadaye jina la mtaa likabadilishwa. Kwa gharama kubwa mno abiria walikuwa wamejifunza kwamba ujuzi wa dereva ni sehemu ya usalama wao, na kwamba treni inayotembea wakati wa mgomo huenda ikawa ya hatari kuliko ile iliyosimama.

Chama na jiji

Chama kilichodumu kilianzishwa mwaka 1934, katikati ya mdororo wa uchumi, kwa jina la Transport Workers Union (TWU). Waasisi wake walitoka katika makundi mawili: wahamiaji kutoka Ireland, ambao walikuwa wengi katika kazi hiyo na baadhi yao walipigana vita vya uhuru wa nchi yao, na wanachama wa Chama cha Kikomunisti. Kiongozi aliyejulikana zaidi alikuwa Michael Quill, mzaliwa wa kaunti ya Kerry, mtu wa maneno makali na mizaha iliyowafurahisha waandishi wa habari. Januari 1937 wafanyakazi walikalia mtambo wa umeme wa barabara ya Kent huko Brooklyn baada ya wenzao kufukuzwa kwa uanachama wao. Treni za sehemu kubwa ya Brooklyn zilitegemea umeme wa mtambo ule, na kampuni iliwarudisha kazini haraka. Mwaka huohuo TWU ilishinda kura za uwakilishi, na Quill akachaguliwa kuwa diwani wa jiji.

Viongozi wa TWU walijua kwamba chama chao hakiwezi kushinda bila abiria. Kiwanda kikigoma, anayeumia kwanza ni mwenye kiwanda. Treni zikigoma, anayeumia kwanza ni mfanyakazi mwingine anayelipwa kwa siku. Kwa sababu hiyo, kwa zaidi ya miaka 10, chama kilisimama pamoja na abiria kuitetea senti tano. Hata hivyo, mwaka 1940 mambo yalianza kubadilika, jiji liliponunua njia za IRT na zile zilizokuwa za BRT. Madereva wakawa watumishi wa umma, na Meya Fiorello La Guardia, ambaye alijulikana kuwa rafiki wa vyama vya wafanyakazi, alishikilia kwamba mtumishi wa umma hana haki ya kugoma. Mgomo wa mabasi wa Machi 1941, uliodumu siku 12, ulizikumba kampuni ambazo bado zilikuwa binafsi, lakini mjadala ulioambatana nao ulihusu zaidi yatakayotokea siku treni za jiji zitakaposimama.

Jibu la kisheria lilikuja mwaka 1947, wakati jimbo la New York lilipopitisha sheria ya Condon-Wadlin. Mtumishi wa umma aliyegoma angepoteza kazi, na akirudishwa asingeongezewa mshahara kwa miaka mitatu. Mwaka uliofuata Quill aliachana na Wakomunisti na wakati huohuo akaugeuza msimamo wake kuhusu nauli: alikubali ipande ili mishahara iongezwe. Tarehe 1 Julai 1948 nauli ikawa senti 10, na mwaka 1953 ikafika senti 15. Tangu hapo abiria alikuwa na sababu ya kuamini kwamba nyongeza ya dereva itatoka mfukoni mwake, na kila msemaji wa serikali alipotaka kuwatenga wagomaji na wananchi alianzia hapo.

Katika muongo wa 1950 na mwanzo wa ule wa 1960, jiji lilizoea mchezo wa kila miaka miwili. Mkataba ulimalizika usiku wa kuamkia Mwaka Mpya. Quill alitishia kugoma, magazeti yakatoa ramani za njia mbadala, na dakika za mwisho Meya Robert Wagner akafikia naye mapatano. Watu wakajifunza kusubiri mwisho wa mchezo bila hofu. Mazoea hayo ndiyo yaliyofanya mshtuko wa 1966 uwe mkubwa zaidi.

Siku 12 za Januari 1966

Tarehe 1 Januari 1966 John Lindsay aliapishwa kuwa meya. Alikuwa na umri wa miaka 44, msomi wa Chuo Kikuu cha Yale, na alikuwa ameahidi kuvunja desturi ya kumaliza mambo ya jiji kwa makubaliano ya chumbani. Alfajiri ya siku hiyohiyo zaidi ya wafanyakazi 33,000 waligoma, na kwa mara ya kwanza mfumo mzima wa treni na mabasi ya jiji ukasimama. Chama kilikuwa kimedai nyongeza ya asilimia 30 na wiki ya kazi ya siku nne. Quill alilitamka jina la meya makusudi kuwa “Lindsley”, akaichana amri ya mahakama mbele ya kamera, na kumtakia hakimu afe akiwa ndani ya joho lake. Tarehe 4 Januari yeye na viongozi wenzake wanane walifungwa jela. Saa chache baadaye moyo wake ulizidiwa, akapelekwa hospitali.

Kwa wakazi, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya kazi, mgomo ulikuwa suala la miguu na saa. Barabara za kuingia Manhattan zilijaa magari kuanzia kabla ya mapambazuko. Wenye ofisi waliwalaza wafanyakazi wao hotelini, na wanaoishi karibu walitembea. Lindsay mwenyewe alitembea kwenda ofisini, huku akiwaomba wale ambao kazi zao si za lazima wabaki nyumbani. Ombi hilo lilikuwa jepesi kwa mwenye mshahara wa mwezi. Kwa mshonaji wa kiwandani, mfagiaji au mtumishi wa hoteli anayeishi Bronx au sehemu za mbali za Brooklyn, kubaki nyumbani kulikuwa na maana ya kukosa ujira wa siku.

Maoni yalichanganyika. Magazeti makubwa yalikilaani chama na kumsihi meya asilegeze msimamo. Lakini katika mitaa ya wafanyakazi, ambako karibu kila familia ilikuwa na ndugu au jirani katika chama fulani, walikuwapo wengi waliolalamikia adha na bado wakaona dereva wa treni analipwa kidogo kuliko mafundi wengine wa jiji. Tarehe 10 Januari maelfu ya wafanyakazi waliandamana kuzunguka ofisi kuu ya jiji. Tarehe 13 mgomo ulimalizika kwa mkataba wa miaka miwili uliokadiriwa kugharimu karibu dola milioni 60, na Quill akafariki tarehe 28 mwezi huohuo.

Matokeo yake yalienda pande mbili. Mlipakodi mmoja alikwenda mahakamani akidai kwamba, kwa sheria ya Condon-Wadlin, wagomaji hawana haki ya nyongeza hiyo, na alishinda. Bunge la jimbo likalazimika kupitisha sheria ya kuwasamehe. Ilikuwa wazi kwamba sheria kali mno haitekelezeki, kwa kuwa hakuna serikali iliyo tayari kuwafukuza maelfu ya madereva inaowahitaji kesho yake. Gavana Nelson Rockefeller aliunda kamati chini ya profesa George Taylor, na mapendekezo yake yakazaa sheria inayoitwa kwa jina lake, iliyoanza kutumika Septemba 1967. Sheria ya Taylor iliwapa watumishi wa umma haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja, ikaendelea kukataza mgomo, na kuweka adhabu zinazoweza kutekelezwa: faini kwa chama na kuondolewa kwa utaratibu wa kukata ada za uanachama kutoka kwenye mishahara. Baadaye iliongezwa adhabu ya kila mgomaji kukatwa mshahara wa siku mbili kwa kila siku ya mgomo. Upande wa abiria, Julai 1966 nauli ilipanda kutoka senti 15 hadi 20.

Daraja la Brooklyn, 1980

Kati ya mgomo wa 1966 na uliofuata jiji lilikaribia kufilisika. Mwaka 1975 maelfu ya watumishi waliachishwa kazi, na nauli ikapandishwa hadi senti 50. Treni zilikuwa chafu, zimejaa michoro na ziliharibika mara kwa mara. Mfumuko wa bei ulikula mishahara ya madereva, na tarehe 1 Aprili 1980 wanachama wa tawi la 100 la TWU waligoma. Rais wa tawi, John Lawe, alikuwa anapingwa vikali ndani ya kamati yake, na uamuzi wa kugoma ulitokana na shinikizo hilo kama ulivyotokana na hasira dhidi ya mwajiri.

Meya Edward Koch alitambua kwamba vita vya maoni vinapiganwa barabarani. Asubuhi alisimama kwenye Daraja la Brooklyn, ambako maelfu ya watu walivuka kwa miguu, akiwapigia makofi na kuwapongeza kwa kutokubali kushindwa. Hali ya hewa ya majira ya kuchipua ilimsaidia. Baiskeli zilitapakaa, na wanawake wa maofisini walivaa raba na kubeba viatu vyao mkononi, mtindo ambao ulibaki hata baada ya mgomo. Jiji lilizuia magari yenye mtu mmoja kuingia sehemu kuu za Manhattan asubuhi. Kwa namna hiyo adha ikageuzwa kuwa fahari ya wakazi, na wagomaji wakaonekana kama kikwazo ambacho jiji limekiruka.

Hata hivyo, mwajiri hakuwa Koch bali Metropolitan Transportation Authority (MTA), mamlaka ya jimbo iliyosimamia usafiri tangu 1968. Mwenyekiti wake, Richard Ravitch, alimaliza mgomo baada ya siku 11 kwa nyongeza ya asilimia 9 mwaka wa kwanza na 8 mwaka wa pili, na Koch akalalamika kwamba jiji lilikuwa linaelekea kushinda. Wafanyakazi walikatwa siku mbili kwa kila siku ya mgomo, chama kikatozwa faini, na kabla ya Julai nauli ikawa senti 60. Madereva walipata nyongeza, lakini kumbukumbu iliyobaki kwa wananchi ilikuwa ya meya darajani. Chama hakikugoma tena kwa miaka 25.

Siku tatu za Desemba 2005

Kufikia 2005 nauli ilikuwa dola 2, na wafanyakazi wa usafiri hawakuwa tena hasa watu wa Ireland. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi, Walatino na wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi na Asia. Rais wa tawi la 100, Roger Toussaint, alizaliwa Trinidad na kuanza kazi kama msafishaji kabla ya kuwa fundi wa reli. MTA ilitangaza ziada ya takriban dola bilioni 1, na sehemu ya fedha hizo ikatumika kuwapunguzia abiria nauli katika wikiendi za sikukuu. Abiria alipewa nafuu aliyoiona mwenyewe kwenye kadi yake, wakati wafanyakazi wakiambiwa kwamba gharama za uzeeni zitaielemea mamlaka.

Mzozo wenyewe ulihusu pensheni. Wafanyakazi walistaafu wakiwa na miaka 55 baada ya utumishi wa miaka 25, wakichangia asilimia 2 ya mshahara. MTA ilitaka kwanza umri upandishwe hadi 62 kwa waajiriwa wapya, kisha ikabadilisha dai na kutaka waajiriwa hao wachangie asilimia 6. Toussaint alikataa kuwagawa wafanyakazi wa leo na wale ambao bado hawajaajiriwa. Tarehe 20 Desemba, siku chache kabla ya Krismasi na katika baridi ya chini ya nyuzi sifuri, karibu wafanyakazi 34,000 waligoma. Chama cha kitaifa cha TWU kiliwakana na kuwataka warudi kazini. Mahakama iliweka faini ya dola milioni 1 kwa siku, na magari yenye watu pungufu ya wanne yalizuiwa asubuhi kuingia sehemu ya kusini na kati ya Manhattan.

Meya Michael Bloomberg alivuka Daraja la Brooklyn kwa miguu, akilitumia daraja hilo kama Koch alivyolitumia mwaka 1980, na akasema viongozi wa chama wamelitendea jiji kihuni. Gazeti la New York Post liliwaita panya katika ukurasa wake wa kwanza. Lugha hiyo iliwageukia walioitumia. Viongozi wa jamii ya watu weusi waliuliza kama neno la uhuni lingetumika kwa chama chenye wanachama wengi weupe, na Toussaint akamtaja Rosa Parks, aliyefariki Oktoba mwaka huo, kuwa mfano wa mtu aliyevunja sheria kwa ajili ya haki. Kura za maoni za siku zile zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wakazi waliyaona madai ya chama kuwa ya haki, na waliomlaumu mwajiri walikuwa wengi kuliko waliokilaumu chama. Tofauti ya rangi ilikuwa kubwa: kati ya watu weusi na Walatino waliounga mkono madai walikuwa wengi sana, wakati kati ya weupe walikuwa wachache. Kwa kiasi fulani tofauti hiyo ilikuwa ya mitaa na kazi, kwa sababu mfanyakazi wa usafiri aliishi jirani na wale wa kwanza.

Mgomo ulisitishwa tarehe 22 Desemba. Katika mapatano, MTA iliondoa dai la pensheni, na wafanyakazi wakakubali kwa mara ya kwanza kuchangia asilimia 1.5 ya mshahara kwa bima ya afya. Januari 2006, katika kura za zaidi ya wanachama 22,000, mkataba huo ulikataliwa kwa tofauti ya kura saba. Ulipopigiwa kura tena miezi michache baadaye ulikubaliwa, lakini MTA ilikuwa imekwisha kupeleka suala hilo kwa wasuluhishi, ambao uamuzi wao wa Desemba haukutofautiana sana na mapatano ya mwanzo. Chama kilitozwa faini ya dola milioni 2.5 na kunyimwa utaratibu wa kukata ada mishaharani hadi 2008, na kila mgomaji akakatwa siku mbili kwa moja. Toussaint alihukumiwa siku 10 jela, akatumikia karibu nusu yake Aprili 2006.

Katika mgomo huu, kinyume na wa 1966 na 1980, nauli ya msingi haikupandishwa mara baada ya mapatano. Ilibaki dola 2 hadi 2009, ilipofika dola 2.25. Kwa hiyo hoja ya kwamba nyongeza ya dereva ni hasara ya abiria haikupata ushahidi wa haraka, na hilo lilipunguza makali ya lawama. Sheria ya Taylor iliendelea kutumika, na gharama iliyowaangukia wanachama na chama mwaka 2005 imekuwa sababu kubwa ya mikataba iliyofuata baina ya tawi la 100 na MTA kukamilishwa kwa mazungumzo au usuluhishi, bila treni za jiji kusimamishwa na mgomo mwingine.